Lori la Kwenda Kilwa

Siku niliyoondoka kiwandani wafanyakazi walijipanga pande zote mbili za barabara wakanipigia makofi, na mimi nilikuwa nimeketi juu ya godoro langu mwenyewe, nyuma ya lori lililojazwa mafuta ya kwenda Kilwa, mji ambao sijawahi kuutia machoni. Makofi yale hayakuwa ya kuniaga. Naona haya kuyasimulia, lakini kwa kuwa hapa Tukuyu kila mtu anayasimulia kwa namna yake (wapo wanaosema nililia, sikulia, ilikuwa mvua), ni afadhali yatoke kinywani mwangu, kwa mpangilio, tangu mwanzo.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipochoka na viwanda vyake ikaanza kuviuza. Mimi nilikuwa meneja wa kiwanda kimoja cha chai upande wa Suma. Nilikuwa naishi nyumba ya kampuni, natembelea gari la kampuni, na hata mapazia yaliyokuwa yananifichia usingizi yalikuwa ya kampuni. Changu mwenyewe kilikuwa kimoja tu, kiwanja kule Makandana, nyuma ya hospitali, chenye msingi wa nyumba nilioujenga nikiwa kijana na ambao sasa ulikuwa umeota nyasi hadi mbuzi wa jirani wakaufanya malisho.

Kiwanja hicho kina historia, na msiisahau, maana ndiyo itakayoniua mwishoni. Babu yangu alikuja huku kutoka Kilwa akiwa fundi seremala, akatengeneza milango ya nusu ya mji, akaoa, akazaa, akazikwa makaburi ya Waislamu hapa hapa Tukuyu, na baba yangu kando yake. Aliyempa babu mahali pa kujenga kibanda ni mzee mmoja wa Kinyakyusa aliyependezwa na milango yake. Alimpa kwa mdomo, mbele ya mashahidi, na mashahidi wote sasa ni marehemu. Mjukuu wa mzee yule ni Gwakisa. Mimi na Gwakisa tulikua pamoja, tukaiba mapera pamoja, tukapigwa pamoja, na ukubwani tukakutana kiwandani, mimi meneja, yeye mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi. Mbele ya watu aliniita Meneja. Tukiwa wawili aliniita Shabani.

Basi ikaja habari kwamba mwekezaji amepatikana na kwamba wakubwa wa kiwanda tutaitwa mmoja mmoja kuzungumzia malipo ya kuondoka. Mke wangu, Mama Zuhura, akasema, "Baba Zuhura, chukua watakachokupa, tuezeke vyumba viwili tuingie, mengine Mungu anajua."

Nikamwambia haiwezekani. Hata mama anayeuza ndizi Kiwira hataji bei kabla ya kusikia jirani yake kataja ngapi, sembuse mimi mtu mzima niliyesomeshwa na serikali. Lazima nijue kwanza mameneja wa mashirika mengine waliouzwa pamoja na mashirika yao (ndivyo tulivyokuwa tukitaniana, kwamba tunauzwa na mitambo) walipewa nini, ndipo niketi mezani.

Nikaanza kuuliza. Jamani, mtu atakueleza ugonjwa wake wa siri kabla hajakueleza alichopewa siku ya kufukuzwa. Yupo mmoja Mbeya, zamani tulikuwa tukikutana kwenye semina, alinikaribisha soda, akaniuliza habari za mvua, na kila nilipolikaribia swali akaagiza soda nyingine. Mwingine alisema "tunamshukuru Mungu" kwa sauti isiyo na shukrani hata chembe. Kitu kimoja tu nilichokipata kwa uhakika, nilikipata kwa karani mmoja mstaafu: kwamba mwajiri akikuondoa analazimika kukusafirisha na mizigo yako hadi kwenu, na kwamba wengi, badala ya gari, hupewa fedha taslimu kwa umbali, kwa hiyo walionufaika ni wale ambao kwao ni mbali. Alisema akicheka, na mimi nikacheka, lakini neno lile likakaa.

Ndipo ukatokea msiba kule kule Suma, mzee mmoja mwenye mabinti wengi na jina kubwa. Nilikwenda kama kila mtu alivyokwenda. Wanaume tulikaa kwenye magogo, ngoma zinalia, akina mama wanapika ndizi na maharage kwenye masufuria makubwa, na mara ikaingia pikapu nyeupe mpya, na nyuma yake fahali mweusi anaswagwa, mnene, ngozi inang'aa kama kiatu kilichopakwa rangi. Mwenye fahali alikuwa Bwana Ambakisye, mkwe wa marehemu, aliyekuwa meneja wa shirika moja la usafirishaji lililouzwa mwaka uliotangulia.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Niliangalia suti, niliangalia pikapu, niliangalia fahali. Tena nilipata nafasi ya kumwangalia fahali kwa karibu kuliko wengine, maana kwenye misiba yetu huku Mwislamu akiwepo ndiye hupewa kisu, ili watu wote wale bila wasiwasi. Mzee mmoja akaniita, "Meneja, mwe taata, baba yetu, njoo ututendee haki." Nikapiga bismillahi, nikamchinja. Kwa maneno mengine, ushahidi wa utajiri wa Ambakisye niliuchinja kwa mkono wangu.

(Hapa ndipo ninapojipiga kichwa. Nimezaliwa Tukuyu. Najua kama ninavyojua jina langu kwamba mkwe hapa kwetu hana hiari, baba wa mkewe akifa ataleta ng'ombe hata kama yeye mwenyewe analala chini. Fahali yule hakuwa habari ya mfuko wa Ambakisye, alikuwa habari ya ndoa yake. Nilijua, na sikukumbuka, kwa sababu nilitaka fahali awe kiinua mgongo.)

Nikanawa mikono, nikamfuata Ambakisye kwenye migomba ambako alikuwa amesimama na mashemeji zake watatu wakigawana kazi za maziko. Ningeweza kungoja. Ningeweza kwenda kwake wiki ijayo, nikamkuta peke yake na kikombe cha chai. Lakini nikaona nimeshafika, yeye yupo, swali lipo mdomoni, kwa nini nilale nalo. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo.

"Bwana Ambakisye, pole sana. Samahani kwa mahali penyewe, lakini na mimi naondolewa. Wewe mwenzetu walikutendeaje?"

Aliwatazama mashemeji. Mashemeji walimtazama. Niliona kila kitu, niliona hata namna yule mkubwa alivyoacha kutafuna muwa. Kisha Ambakisye akacheka kicheko kikubwa kisichofaa msibani.

"Mbona walinitendea vizuri! Mishahara ya miaka mitatu mkononi. Gari nililokuwa natumia nikaambiwa ondoka nalo. Nyumba nikauziwa kwa bei ya kuku."

"Bei ya kuku!"

"Tena kuku mgonjwa," akasema, na mashemeji wakacheka, wakaniangalia kwa heshima kana kwamba mimi ndiye niliyemwoza dada yao vizuri.

Nilirudi nyumbani nimejaa. Mama Zuhura akaniuliza, "Umemwuliza mbele ya nani?" Nikamwambia mbele ya mashemeji, tena ndiyo vizuri, mtu hasemi uongo mbele ya mashahidi. Akarudi jikoni. Kwao ni Kawetele, wao ni watu wa maneno machache.

Siku ya mazungumzo ilipokaribia, mjumbe wa mwekezaji, kijana mmoja mpole kutoka Dar es Salaam aliyeitwa Bwana Deo, akasema tutaonana ofisini, mimi na yeye. Nikakataa. Kiwandani kulikuwa na uvumi kwamba meneja ameshalishwa, na mimi, kwa kuwa nilijiona nimeshika hoja isiyovunjika, nikasema madai yangu yasikilizwe ukumbini, mbele ya wajumbe wa wafanyakazi, baada ya madai yao, ili waone sina siri. Bwana Deo akasema, "Kama ndivyo unavyopenda, mzee wangu." Upole ule ungenitisha kama ningekuwa nasikiliza.

Siku ile madai ya wafanyakazi yalikwisha upesi, mno. Waliambiwa watapata kile sheria inachosema, si zaidi, na Gwakisa aliposimama kuuliza habari za wale waliovunjika mgongo kwa kubeba magunia, alijibiwa kwamba hilo litaangaliwa. Alinigeukia mimi niseme neno. Sikusema. Nilikuwa nayapanga maneno yangu mwenyewe.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaeleza kwa utaratibu: mishahara ya miaka mitatu, gari, nyumba kwa bei ya maelewano. Ukumbi ukanyamaza. Bwana Deo akauliza nimevitoa wapi viwango hivyo. Nikamjibu, na nilitamka kama wakili, kwamba sikukurupuka, nimefanya utafiti, na mfano hai ni Bwana Ambakisye, ambaye waliomwondoa ni hao hao anaowawakilisha yeye.

Bwana Deo akaweka kalamu chini. "Ambakisye yupi? Dereva wangu?"

Sikuelewa. Akaenda dirishani, akaita, na kutoka kwenye ile pikapu nyeupe, ambayo ilikuwa imeegeshwa mbele ya macho yangu tangu asubuhi nami nikadhani imekuja kwa shughuli zake, akashuka Ambakisye, amevaa shati la kazi, anajifuta mikono kwa kitambaa. Akaingia akasimama mlangoni.

"Bwana Ambakisye," akasema Deo, bado kwa upole, "meneja anasema tulikupa mishahara ya miaka mitatu, na gari, na nyumba."

Alivyoniangalia sitasahau. Haikuwa hasira.

"Mwenzangu," akasema, "uliniuliza mbele ya mashemeji."

Akaongeza, kama mtu anayemalizia kuvua nguo kwa kuwa ameshaanzwa kuvuliwa, kwamba alipewa notisi ya mwezi mmoja, na kwamba ili kumnunua fahali yule aliuza cherehani za mke wake. Kisha akaomba ruhusa akaangalie gari.

Mtu mwenye akili angeketi hapo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu ninaowaamrisha, masikio yanawaka, na nikaona siwezi kutoka mle ndani mikono mitupu, lazima nishike kitu, chochote kile cha sheria ambacho hakiwezi kukataliwa. Yale maneno ya karani mstaafu yakaja yenyewe.

"Basi kusafirishwa," nikasema. "Mimi na mizigo yangu, hadi kwetu. Hiyo ni haki."

"Ni haki kabisa," akasema Deo, akashika kalamu. "Nyumbani kwenu ni wapi, mzee wangu?"

"Kilwa."

Nimesema ukumbi ulinyamaza pale mwanzo. Ule ulikuwa mzaha. Ukimya wenyewe ulikuwa huu.

Gwakisa ndiye aliyeuvunja. Hakusimama. "Kilwa?" akasema. "Shabani, kwenu si pale nyuma ya hospitali?"

Mbele ya watu, na hakuniita Meneja. Nilitakiwa nicheke, niseme aa, ndugu yangu umenikamata, tukacheka wote na mambo yakaisha. Badala yake nikamjibu kwa sauti ya ofisini kwamba asili ya mtu ni kwa babu yake, babu yangu ni mtu wa Kilwa, Makandana tulipokelewa tu, tulikaribishwa. Nilitumia neno hilo hilo, tulikaribishwa. Nilikuwa nahesabu kilomita kichwani.

"Ndaga," akasema Gwakisa polepole. Kwao hiyo ni ahsante. "Tumekusikia. Yetu sisi, ya migongo, yataangaliwa. Ya mapazia yako yanakwenda Kilwa."

Watu wakacheka, na Bwana Deo, aliyekuwa akiandika, akasema hakuna tatizo, kampuni haitatoa fedha kwa sababu fedha huleta maneno, ila itatoa lori, dereva na mafuta ya safari yote, na kwa kuwa safari ni ndefu ni vizuri nianze Jumamosi.

Jumamosi lori likaja, lori zima, la kubebea chai. Tukapakia vitanda, makabati, kuku, godoro juu kabisa. Mama Zuhura alipanda mbele na dereva. Mimi nilipanda nyuma kwa sababu ya kushikilia kabati la vyombo, na kwa sababu mbele alikuwepo Mama Zuhura. Hapo ndipo wafanyakazi walipojipanga na kupiga makofi, kwa mapigo, kama wanavyompigia mgeni rasmi, na mmoja akapaza sauti, "Wasalimie baharini!" Gwakisa alikuwepo. Yeye hakupiga makofi.

Mvua ilianza kabla hatujafika mjini. Makandana nikagonga bati la lori kwa ngumi, dereva akasimama, akashuka.

"Vipi, mzee?"

"Tumefika."

"Tumefika wapi? Mimi nimeambiwa Kilwa. Nimepewa mafuta ya Kilwa."

"Ndugu yangu, kwangu ni hapa."

Akautazama msingi, akazitazama nyasi na mbuzi. "Hapa hakuna nyumba, mzee."

Majirani walikuwa wameshatoka na miavuli, wanawake wamejitanda khanga kichwani, wagonjwa wa nje wa hospitali na ndugu zao wamesogea kando ya barabara, na mimi juu ya lori nabishana na mtu anayetaka kunipeleka kwetu. Mama Zuhura akafungua mlango wa mbele. "Baba Zuhura," akasema, na alisema taratibu ili kila mtu asikie, "mwache atupeleke. Si umesema ndiko kwenu?"

Mwisho dereva alikubali kushusha, baada ya kuniapisha mbele ya mjumbe wa nyumba kumi kwamba nimeteremka kwa hiari yangu na hajaniibia safari. Tulivipanga vitanda ndani ya msingi, kila kitanda mahali ambapo kingekuwa chumba chake, tukavifunika turubai la kuazima. Dereva akageuza lori akiimba. Nilikuja kusikia kwamba mafuta yale aliyauza kabla hajafika Uyole. Katika utafiti wangu wote, na mazungumzo yangu yote, mtu pekee aliyeondoka na kiinua mgongo ni yeye.

Mimi nilipewa mshahara wa mwezi wa notisi na barua ya kunitakia heri. Tumeezeka chumba kimoja. Barabarani watoto wananiita Mkilwa, na wakubwa wananiita Mkilwa nikishapita. Ambakisye tukikutana tunasalimiana vizuri sana, kama watu waliowahi kuonana uchi, na hakuna anayemwuliza mwenzake lolote. Nimeapa sitamwuliza tena mtu kipato chake, awe amesimama na mashemeji au peke yake, na nikiona fahali amenona nitamwona fahali tu.

Kama ingekuwa imeishia kwenye aibu, ningeshazoea. Lakini wafanyakazi nao waliondolewa baada yangu, na walichopewa hakikumfikisha Gwakisa popote. Ana watoto sita na shamba la migomba lisilotosha kaburi. Mwezi uliopita ameleta shauri kwenye baraza la kata, kwamba kiwanja cha babu yake alipewa mgeni akae tu, si chake, na kwamba mjukuu wa mgeni huyo mwenyewe amekiri mbele ya ukumbi mzima kuwa kwao ni Kilwa na kwamba hapa walikaribishwa. Mashahidi anao, zaidi ya anaowahitaji, na wote nilikuwa nawaamrisha mimi.

Nilijitetea nilivyoweza. Nikataja makaburi mawili, nikataja milango ya babu, ambayo mmojawapo ni wa nyumba ya Gwakisa hadi leo. Mwenyekiti wa baraza akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Ulisema, hukusema?"

Gwakisa alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwangu, anatazama viatu vyake.

Nikasema, "Nilisema."

Mwenyekiti akasema baraza halitaamua ndani ya chumba, litakuja Makandana lenyewe kuona mipaka, mvua ikikata. Wanaoijua Tukuyu wanajua mvua ya hapa haina tarehe ya kukata. Jana usiku imenyesha, leo asubuhi imenyesha, na ninapoandika haya Mama Zuhura anasogeza kitanda chetu, bati linavuja upande unaoelekea kwa Gwakisa.